Mtoto wa awali hakosi midoli, anakosa mtu wa kucheza naye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie madarasa ya awali na vituo vya kulelea watoto mchana huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Kila shule zinapofunguliwa, ubishi ni uleule. Mzazi analalamika kwamba mwanawe wa miaka minne anashinda akicheza tu, ada inapotea. Mlezi naye anajitetea kwamba mtoto aachwe acheze, akili itakuja yenyewe. Wote wawili wanazungumza kana kwamba mchezo ni wa aina moja. Upo mchezo wa mtoto peke yake, na upo mchezo ambao mtu mzima ameuandaa kwa lengo, kisha akajizuia asiuteke. Huo wa pili, mchezo wa kuongozwa, ndio haba katika vituo vyetu, vya serikali na vya binafsi, na si kwa sababu ya kukosa fedha za midoli.

Mtu mzima anaamua mapema anataka mtoto agundue nini: kwamba vipande viwili vifupi vinalingana na kimoja kirefu, kwamba saba iko mbele ya nne, kwamba mwenzake naye ana zamu. Anachagua vitu vitakavyomfikisha huko na kuvipanga. Baada ya hapo mtoto ndiye mwenye mchezo. Akikwama, mtu mzima anauliza swali au anaongeza kitu kimoja, hamalizii kazi. Ukimwachia mtoto rundo la visoda bila lengo lolote, huo ni mchezo huru, nao una kazi yake na usiondolewe kwenye ratiba. Ukimwambia "tazama, fanya kama mimi" mwanzo hadi mwisho, hilo ni somo, hata kama mmekaa mkekani na visoda vimejaa mbele yenu.

Tofauti hiyo imepimwa. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la watoto wa miaka minne na mitano waliofundishwa maumbo kwa njia tatu. Kundi moja lilichezea maumbo lipendavyo. La pili lilimsikiliza mtu mzima akieleza. La tatu liliongozwa kwa maswali ligundue siri ya kila umbo. Walipoonyeshwa pembetatu zisizo za kawaida, zilizopinduka au nyembamba mno, kundi la tatu ndilo lililozitambua vizuri zaidi. Mwaka 2022 ukatoka uchambuzi wa tafiti 39, ukionyesha kwamba mchezo wa kuongozwa uliuzidi ufundishaji wa moja kwa moja katika hesabu za mwanzo, katika maumbo na katika uwezo wa mtoto kuhama kutoka kanuni moja kwenda nyingine. Katika mambo mengine haukuonekana kuuzidi. Nalisema hilo makusudi, maana wapo wanaoupigia debe kama dawa ya kila kitu. Jinsi ya kushika penseli, kunawa mikono, jina la herufi: mwonyeshe mtoto moja kwa moja, yaishe.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya udumavu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, Njombe na Rukwa asilimia 50, wakati wastani wa taifa ni 30. Mikoa inayolisha nchi! Tumezoea kulijadili hilo kwa lugha ya lishe peke yake. Lakini huko Kingston, Jamaika, katikati ya miaka ya 1980, watoto 129 waliodumaa, wenye miezi 9 hadi 24, waligawanywa makundi: wengine walipewa chakula cha nyongeza, wengine walitembelewa na mhudumu wa afya wa jamii saa moja kila wiki kwa miaka miwili, wengine wakapata vyote viwili, na wengine hawakupata lolote kati ya hayo. Kazi ya mhudumu ilikuwa kumwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto kwa vitu vilivyotengenezwa nyumbani. Miaka 20 baadaye, waliochezewa walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 25. Chakula cha nyongeza peke yake hakikuacha alama hiyo. Mtu asilichukue hili kama ruhusa ya kupunguza uji na mayai. Programu yetu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imeweka ujifunzaji wa awali na malezi yenye mwitikio, yaani mlezi kumwitikia mtoto anapotoa ishara, bega kwa bega na lishe, afya na ulinzi. Kwenye karatasi tuko sawa.

Sasa vifaa. Mtu wa Mafinga au Makambako akisema hana vifaa vya kuchezea ananishangaza, mbao zinapita mbele ya mlango wake kila siku. Seti nzuri ya vipande vya kujengea kwa kikundi cha watoto sita inatoka kwenye mbao mbili za paini za inchi 1 kwa 2, zenye urefu wa futi 12. Mweleze fundi unataka vipande 60: 30 vya inchi 4, 15 vya inchi 2 na 15 vya inchi 8. Jumla ni inchi 270, na katika inchi 288 za mbao zote mbili inabaki nafasi ya kutosha kwa kinachokwenda na msumeno. Siri ya seti ni uwiano: upana ni mara mbili ya unene, urefu wa kipande cha kati ni mara mbili ya upana, na kirefu ni mara mbili ya cha kati. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Ubao ukishapigwa randa hupungua, lakini fundi anaendelea kukata kwa inchi 4 alizoandikiwa. Matokeo yake, vipande viwili vikilazwa ubavu kwa ubavu, upana wake kwa pamoja haulingani na urefu wa kile cha kati, mtoto anajaribu mara tatu, ukuta unakataa, na kile alichotakiwa kugundua hakipo tena kwenye mbao. Pimeni upana uliobaki baada ya randa, kisha mkate urefu kwa kuufuata huo. Mpe fundi kipande kimoja kiwe kipimo cha vyote, asipime kila kimoja upya kwa futi. Malizieni kwa msasa namba 80, halafu 120, na kuzungusha kona zote. Rangi haina ulazima. Ukiipaka nene inaharibu vipimo ulivyovihangaikia.

Tahadhari moja kwa waliopo karibu na viwanda vya nguzo: mabaki ya nguzo zilizotiwa dawa, yale yenye rangi ya kijanikijani au yanayonuka lami, hayafai kwa mtoto, wala vumbi lake halifai kwa fundi.

Vipande vikishapatikana, usimwage vyote 60 mbele ya watoto. Anza na vichache kwa kila mmoja, vya urefu uliochanganywa. Jenga ukuta mmoja mfupi kwa virefu, kisha useme: "Nataka ukuta kama huu, lakini virefu vimeisha." Hutaji hesabu, hutaji nusu. Mtoto wa miaka mitano atahangaika, ataweka vya kati vitatu, atatoa kimoja. Au daraja: gari la viazi lipite chini bila kugusa. Mnara ukianguka, walezi wengi wanakosea kwa huruma, wanausimamisha wao. Uliza tu: "Ulianza kuinama wapi?" Kisha nyamaza.

Kunyamaza huko ni ufundi. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alionyesha kwamba walimu, baada ya kuuliza, kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumrukia mwanafunzi mwingine au kujijibu wenyewe. Walipofika sekunde tatu na zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa kimya walianza kusema. Kwa mtoto wa Rungwe au Ileje ambaye nyumbani anaongea Kinyakyusa au Kindali, sekunde hizo ni za lazima zaidi, maana anatafuta jibu na lugha kwa pamoja. Hesabu moyoni hadi tano. Akijibu kwa lugha ya nyumbani, pokea, kisha urudie jibu lake kwa Kiswahili ndani ya mchezo bila kumsahihisha. Na punguza maswali ya mtihani. "Hii rangi gani?" ni swali ambalo wewe unajua jibu na mtoto anajua kuwa unajua. "Tufanyeje gari lipite?" hakuna anayejua jibu mpaka wajaribu.

Kwa hesabu, mchezo mmoja nausifu kuliko vyote, nao hauna gharama. Chora mstari wa visanduku 10 kutoka kushoto kwenda kulia, kila kisanduku sentimita 10, juu ya boksi lililofunguliwa au sakafuni kwa chaki. Andika 1 hadi 10. Kete ni kokoto mbili tofauti. Badala ya dadu, tumia kisoda: upande mmoja alama moja, upande mwingine alama mbili. Mtoto anarusha kisoda na kusogeza kokoto, anayefika 10 kwanza ameshinda. Ramani na Siegler, watafiti wa Marekani, walichapisha mwaka 2008 kwamba watoto wa familia za kipato cha chini waliocheza mchezo wa namna hii mara nne tu, dakika 15 hadi 20 kila mara, ndani ya wiki mbili, waliimarika katika kuhesabu, kutambua namba na kulinganisha ipi kubwa, na wiki tisa baadaye walikuwa hawajapoteza maendeleo hayo. Wenzao waliocheza ubao wa rangi usio na namba hawakupata kitu.

Lakini mchezo huu una sehemu moja inayoharibika karibu kila mahali. Mtoto yuko kwenye 3, amepata alama mbili. Anasogeza kokoto akisema "moja, mbili". Anatakiwa aseme "nne, tano", yaani namba za visanduku anavyovikanyaga. Akihesabu moja, mbili kila zamu, atafika 10 mara mia na hatajua nane iko wapi. Asipoweza, mlezi aguse kisanduku na aseme pamoja naye, zamu inayofuata amwachie aseme mwenyewe. Ndiyo kazi yote ya kuongoza, sekunde kumi. Kosa jingine ni kuchora visanduku kwa duara au kuvikunja kama nyoka ili vipendeze. Watafiti haohao walilinganisha, na mstari ulionyooka uliushinda ubao wa duara, kwa kuwa umbali wenyewe unamwambia mtoto kuwa namba inakua. Watoto wakizoea, ongeza mstari hadi 20. Wakubwa wa miaka saba na nane wapelekeni kwenye mdako: kurusha jiwe, kutoa kokoto zote shimoni na kurudisha zote isipokuwa moja, halafu isipokuwa mbili, ni kutoa na kujumlisha kwa mkono na jicho.

Kujizuia nako hufundishwa kwa mchezo ambao kila mtoto anaujua, ule wa "nyama nyama nyama". Kiongozi anataja ng'ombe, wote wanaruka na kuitika. Anataja meza, atakayeruka amekosea. (Kuhusu kumbikumbi, kubalianeni kabla ya kuanza, la sivyo mchezo unageuka mahakama.) Watoto wakishaumudu, geuza kanuni: sasa ruka kwa kisicho nyama tu. Hapo ndipo ubongo unafanya kazi, kwa kuuzuia mwili ulioshazoea. Tatizo ni desturi ya anayekosea kutoka nje. Anayetoka mapema ndiye aliyehitaji zoezi zaidi, na anaishia kukaa kivulini akiwatazama wenzake wanaojua. Akikosea, aende mwisho wa mstari aendelee.

Najua jibu la walimu wenzangu: darasa lina watoto 80. Kiwango cha serikali kwa awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na tangu ada ifutwe wengi tuko mbali na hapo. Basi tusijidanganye kwamba tunaongoza mchezo wa watoto 80 kwa mara moja. Hilo ni gwaride. Gawanya vikundi vya wanane. Kila siku vikundi viwili vinakaa na mwalimu, kila kimoja dakika 15 hadi 20, na waliobaki wako kwenye kona za ujifunzaji na mchezo huru ambao hauhitaji mkono wako: udongo, mchanga na makopo, nguo za kuigizia, kamba. Kwa wiki ya siku tano kila kikundi kinakufikia mara moja. Ni kidogo, ila ni dakika ambazo mtoto anaongea na mtu mzima anayemsikiliza. Kona hizo zinavunjika haraka vitu vikiwa havina mahali pake, kwa hiyo kila kifaa kiwe na boksi lenye picha, na watoto ndio wavirudishe. Kurudisha kwa kupanga ni mchezo mwingine.

Usalama usiachwe kwa bahati. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kitu kinachopita kwenye lile bomba la karatasi gumu linalobaki karatasi ya chooni ikiisha ni kidogo mno kwake: visoda, maharage, punje na kokoto havimfai. Maharage makavu yana ubaya wa ziada, yakiingia puani yanavimba kwa unyevu. Mbegu za mbarika na zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi ni sumu kali zikitafunwa. Mahindi ya kuhesabia yatoke kwenye gunia la chakula, kamwe yasiwe mbegu za dukani zilizopakwa dawa ya waridi au kijani. Na kopo la dawa ya nyanya au ya viazi halisafishiki likawa la kuchezea, hata lioshwe mara saba. Wakulima wa nyanya wa Ilula na wa viazi wa Uporoto mnanielewa.

Nyumbani hakuhitajiki saa maalumu, maana mama aliyetoka shamba hana saa hiyo. Mtoto mchanga anatosheka na uso wako ukijificha nyuma ya khanga na kurudi. Wa mwaka mmoja mpe sufuria, mwiko na vifuniko vitatu atafute kipi kinaenea. Wa miaka mitatu unapochagua viazi, naye achague vikubwa na vidogo, hata akikosea kapu halitaharibika. Wa miaka mitano apange magunzi kuanzia fupi hadi refu, kisha umpe moja zaidi alitafutie nafasi katikati. Hilo la katikati ndilo gumu. Miezi ya mvua, watoto wanapobanwa ndani, haya ndiyo yanayopunguza vurugu kuliko runinga.

Ombi langu kwa wanaokagua madarasa ya awali ni dogo. Daftari la mtoto lenye kurasa nyingi za a, e, i, o, u linaonyesha kuwa mtoto amenakili, na maadamu ndilo linaloombwa kwanza, walimu wataendelea kunakilisha. Ombeni daftari la mwalimu la uchunguzi. Kila mtoto awe na ukurasa, na kila wiki mstari mmoja wenye tarehe, mchezo uliotumika, alichofanya mtoto mwenyewe na hatua inayofuata. Mfano: "Mstari wa namba. Anaanza kuhesabu upya kutoka moja kila zamu. Wiki ijayo acheze nami peke yake zamu tatu, nikigusa visanduku." Mkaguzi akishasoma, amwite mtoto huyo, achore visanduku kumi na arushe kisoda.

Mwalimu wa elimu ya awali,
Uyole, Mbeya